Mulika Mwizi na Watu wa Salo

Muulize mtu yeyote wa rika langu ni nani aliyeiua Nokia, atakujibu kabla hujamaliza swali: iPhone. Aliyesoma biashara chuoni atakuongezea chumvi kidogo, akueleze habari ya kiburi cha wakubwa, jinsi walivyolala wakaamka wakakuta dunia imehama. Hadithi hiyo imesimuliwa mpaka imechujuka. Hapa Nairobi inatolewa kwenye semina za hotelini, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, na anayeitoa kwa kawaida hajawahi kupigwa kalamu.

Sina ugomvi na hadithi yenyewe. Shida yangu ni kwamba haina watu. Ina kampuni, ina wakurugenzi, ina hisa zinazopanda na kushuka. Waliokuwa wakiunganisha simu hizo kwa mikono yao wanatajwa kwa tarakimu tu, 2,300 hapa, 4,000 pale, 10,000 kwa mpigo mmoja. Na sisi tuliokuwa tukizinunua tunaitwa “mabadiliko ya mahitaji ya wateja”, kana kwamba sisi ni mvua ya masika, tunanyesha tunapotaka na hakuna wa kuulizwa. Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu, kwa sababu nitakayoieleza huko mbele.

Tuanze na mvua yenyewe, yaani sisi.

Simu ya kwanza kuingia nyumbani kwetu ilikuwa Nokia 1100, na naamini kwako wewe msomaji huenda ilikuwa hiyo hiyo au ndugu yake wa karibu. Ilitoka mwaka 2003. Haikuwa na kamera, haikuwa na rangi, na habari ya intaneti hata usiulize. Ilikuwa na kioo kidogo, vibonye vilivyofunikwa visipitishe vumbi, ubavu usioteleza kwenye mkono wenye jasho, na tochi juu kichwani. Kwa ajili ya hiyo tochi tukaipa jina letu, mulika mwizi. Ukiichaji Jumapili inakufikisha katikati ya wiki, jambo la maana sana pale ambapo stima haijafika na kuchaji ni kumwachia mwenye duka la sokoni simu yako pamoja na shilingi zako. Zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Mwaka 2005, Nokia ilipotangaza kwamba imeuza simu yake ya bilioni moja, simu hiyo ilikuwa 1100, na aliyeinunua alikuwa Nigeria.

Wale watu walitusoma vizuri. Walituma watafiti hadi Uganda kuangalia jinsi kijiji kizima kinavyotumia simu moja kwa zamu, na mwaka 2007 ikatoka Nokia 1200 yenye vitabu kadhaa vya namba ndani ya simu moja, kila mtumiaji na chake, na kipimo cha muda ili mwenye simu ajue jirani ameongea shilingi ngapi. Fikiria mhandisi wa Ufini anakaa chini kutatua ugomvi wa mama wawili juu ya kredo. Hapo wakati huo hakuna aliyekuwa akisema Nokia haielewi wateja wake.

Sasa twende kwao. Jina Nokia ni la mji mdogo karibu na Tampere. Mwaka 1865 mhandisi Fredrik Idestam alianzisha kinu cha kusaga mbao ziwe rojo la karatasi, na kinu chake cha pili akakiweka kando ya mto wa Nokia. Miaka ikapita, kampuni ikaungana na kiwanda cha mpira na kiwanda cha nyaya, na kufikia 1967 zote tatu zilikuwa kampuni moja inayouza karatasi, kebo na gumbuti. Wafini wa umri fulani wanalijua jina hilo kwanza miguuni, halafu ndipo masikioni.

Simu zilikuja kwa mlango mwingine, mlango wa Salo. Salo ni mji wa kusini-magharibi mwa Ufini, kati ya Helsinki na Turku, wenye watu elfu hamsini na kitu ukihesabu na vijiji vyake. Tangu 1928 kulikuwa na watu wanaotengeneza redio pale, na kampuni yao ikaitwa Salora, jina la mji na redio vikishonwa pamoja. Baadaye wakaunda runinga. Mwaka 1979 Salora na Nokia wakaanzisha Mobira, na 1982 Mobira ikatoa simu ya gari iitwayo Senator iliyokuwa na uzito wa karibu kilo kumi. Mfuko mdogo wa simiti, hivi. Kutoka hapo safari ilikuwa ya kupunguza uzito. Tarehe 1 Julai 1991 aliyekuwa waziri mkuu wa Ufini, Harri Holkeri, alipiga simu ya kwanza kwenye mtandao wa GSM, akitumia vifaa vya Nokia. Mwaka uliofuata Jorma Ollila akachukua usukani, akauza karibu kila kitu kisichohusu mawasiliano, na 1998 Nokia ikaipita Motorola ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza simu. Karibu na mwaka 2000 kampuni hiyo moja ilikuwa inachangia kama asilimia 4 ya pato la taifa zima.

Salo ilikula matunda hayo. Kiwanda cha simu kilikuwa pale, wahandisi walikuwa pale, kodi ililipwa pale. Mtu aliweza kumaliza shule, akavuka barabara, akapata kazi ya maisha. Hayo ndiyo matumaini ambayo Mkenya wa Thika au Webuye anayaelewa bila kuelezwa, maana naye aliwahi kuwa na kiwanda na king'ora cha asubuhi.

Mwaka 2007 kuna mambo mawili yalitokea ndani ya miezi miwili. Tarehe 9 Januari Steve Jobs alisimama San Francisco akaonyesha simu isiyo na vibonye. Tarehe 6 Machi Safaricom ilizindua M-Pesa. La kwanza linajulikana kwa kila mtu na ndilo lililoandikiwa vitabu. La pili lilifanya simu ya bei rahisi kabisa iwe benki, kwa sababu pesa zilikaa kwenye laini, hazikuhitaji simu ya kifahari. Kwa miaka kadhaa M-Pesa iliipa mulika mwizi maisha mapya. Mkulima wa Kinangop hakuwa na haja na kioo cha kupangusa, alitaka kitu kinachoonyesha ujumbe wa “imethibitishwa” na kisichozima chaji kabla ya jioni.

Kwa hivyo mwaka huo wa 2007 Nokia haikuwa mgonjwa. Ilipata faida halisi ya yuro bilioni 7.2, faida ambayo haijawahi kuifikia tena, na kati ya kila simu kumi zilizouzwa duniani mwishoni mwa mwaka, kama nne zilikuwa zake. Shika hizo namba mkononi. Tarehe 15 Januari 2008, siku chache kabla ya kutangaza faida hiyo, Nokia iliwaambia wafanyakazi wa kiwanda chake cha Bochum, Ujerumani, kwamba kitafungwa. Watu 2,300. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama: kuunda simu Ujerumani ni ghali mno, kazi itahamia Jucu, karibu na Cluj, kule Romania.

Hapa ndipo ninapokataa kumeza ile hadithi ya semina. Mahitaji gani ya wateja yalikuwa yamebadilika Januari 2008? Tulikuwa tunanunua Nokia kama njugu. Bochum ilikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma ambao ulikuwa umeshazika viwanda vingine, na serikali ilikuwa imempa mwekezaji huyu ruzuku ya mamilioni ya yuro ili abaki. Watu wapatao 15,000 waliandamana. Horst Seehofer, waziri aliyehusika na masuala ya walaji, alisema anarudisha simu yake ya Nokia. Vyama vya wafanyakazi vikahimiza watu wasusie. Hatimaye Nokia iliwalipa wafanyakazi fedha nyingi, hesabu ikaja yuro 80,000 hivi kwa kila aliyeondoka, na mauzo yake Ujerumani yakaanguka miaka iliyofuata. Kwa kipimo chochote, hata kile cha mhasibu mwenye roho ngumu, walinunua nafuu wakalipa ghali.

(Nipite kando kidogo. Mwaka 2009 magazeti ya Ulaya yaliripoti kwamba wahalifu walikuwa tayari kutoa hadi yuro 25,000 kwa Nokia 1100 moja, mradi iwe imetengenezwa Bochum, wakiamini ina kasoro ya kuwawezesha kuiba namba za siri za benki. Nokia ilikana. Mimi nilichokipenda ni kwamba mulika mwizi ilikuwa imepata kazi kwa mwizi mwenyewe, na kwamba kazi ya mikono ya Bochum ilipanda thamani mara tu mikono ilipofutwa.)

Na Jucu je? Kiwanda kilifunguliwa 2008. Septemba 2011 kikatangazwa kufungwa, na watu kama 2,200 wakaenda nyumbani. Miaka mitatu na kitu. Kuna watoto wa chekechea walioandikishwa siku baba zao walipoajiriwa, wakafika darasa la kwanza baba zao wakiwa nyumbani.

Kufikia hapo, ni kweli, mvua ilikuwa imebadilisha mwelekeo. Lakini haikunyesha namna moja kila mahali. Marekani na Ulaya watu walitaka simu za kupangusa zenye programu nyingi, na mfumo wa Nokia, Symbian, ulikuwa umejengwa kwa ajili ya vibonye, umewekewa viraka juu ya viraka. Huku kwetu tulikuwa tunataka kitu kingine kabisa: laini mbili.

Mnakumbuka Agosti 2010? Zain, kabla haijabadilishwa jina kuwa Airtel, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi tatu kwa dakika, na Safaricom ikalazimika kuitikia. Kulikuwa na mitandao minne ikivutana, pamoja na Orange na Yu. Kila mtu mwenye akili akawa na laini mbili au tatu, moja ya M-Pesa, nyingine ya maongezi ya usiku. Ulikuwa unamwona mtu kwenye matatu anatoa betri, anachomoa laini, anaishika kwa meno, anaingiza nyingine, na utingo anamwambia ashuke. Simu za Mchina zilikuwa na nafasi za laini mbili tayari, zingine tatu, na spika ya kuamsha mtaa, na baadhi ziliandikwa “Nokla” ili macho yaliyochoka yadanganyike. Tecno nayo ikaingia na laini mbili halali. Nokia, iliyokuwa imetusoma mpaka ikajua ugomvi wa kredo, ilichelewa kwa hilo. Simu yake ya kwanza ya laini mbili iliitangaza katikati ya 2010. Mapema 2011 Safaricom ikaleta Ideos ya Huawei, simu ya Android kwa kama shilingi elfu nane, na mlango wa juu nao ukafunguka.

Stephen Elop, Mkanada aliyetoka Microsoft na kuwa mkuu wa Nokia Septemba 2010, aliliona hilo. Waraka wake wa Februari 2011 kwa wafanyakazi, uliovuja mara moja, unakumbukwa kwa mfano wa mtu aliyeamka usiku kwenye jukwaa la kuchimba mafuta baharini, akakuta linaungua, ikabidi achague kati ya moto na maji ya barafu. Watu waliusoma wakakomaa na Apple na Google. Lakini ndani yake mna aya nzima kuhusu viwanda vya eneo la Shenzhen vilivyokuwa vikitoa simu kwa kasi ya ajabu na kula soko la Nokia katika nchi kama zetu. Aya hiyo ndiyo inayotuhusu. Luthuli Avenue ilikuwa ndani ya ule waraka, ingawa haikutajwa.

Siku chache baadaye alitangaza kwamba simu bora za Nokia zitatumia Windows ya Microsoft. Symbian ilihukumiwa kifo hadharani wakati simu zake zilikuwa bado zimejaa madukani, na wanunuzi wakafanya lile ambalo mtu yeyote angefanya akiambiwa mkate huu kesho utatupwa. Kuanzia hapo kalamu haikupumzika. Aprili 2011: kazi 4,000 zifutwe na watu 3,000 wa Symbian wahamishiwe kampuni nyingine. Septemba: 3,500, wa Jucu wakiwemo. Februari 2012: 4,000 kutoka Komárom kule Hungaria, Reynosa kule Meksiko, na 1,000 kutoka Salo, kwa maelezo kwamba kuunganisha simu kutahamia Asia, karibu na wanaotengeneza vipuri. Tarehe 14 Juni 2012 ikatangazwa 10,000 zaidi, na kiwanda cha Salo kufungwa kabisa.

Kwa Salo huo ulikuwa mwisho wa kuunda simu. Kwa Ufini nzima pia, maana hapakuwa na kiwanda kingine cha Nokia cha simu nchini. Mji uliotengeneza redio mwaka 1928 na simu ya kilo kumi mwaka 1982 ukaambiwa ubaki na wahandisi wake tu.

Hapa nieleze kwa nini nina haya mambo kichwani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kitengo cha kuhudumia wateja cha kampuni moja ya teknolojia hapa Nairobi. Jina nitaliweka kando. Nilikuwa nimetimiza miaka sita. Asubuhi moja tuliitwa chumba cha mikutano, tukapewa bahasha, na ndani ya barua kulikuwa na yale maneno: “kutokana na mabadiliko ya mahitaji ya wateja”. Wateja hao nilikuwa nimeongea nao kila siku kwa miaka sita, na hakuna hata mmoja aliyeniambia amebadilika. Dada aliyekuwa akikaa karibu nami aliniuliza, “Kaka, sasa hawa wateja ni wagani?” Sikuwa na jibu. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka uliokamilika. Nilihesabu kwa vidole nikiwa kwenye ngazi: siku tisini. Kibarua kikawa kimeota nyasi. Nikaenda nyumbani nikaanza kusoma, na kusoma kukanifikisha Salo.

Nilichokuta huko ndicho kilichonifanya niandike. Nokia ileile iliyovuruga Bochum iliamua mwaka 2011 kwamba haitarudia. Ikaanzisha mpango ulioitwa Bridge, yaani daraja. Ilikuwa inawaondoa watu 18,000 katika nchi 13 kwa miaka miwili hivi, na kila mmoja aliambiwa mapema, kisha akapewa njia za kuchagua: kutafutiwa nafasi nyingine ndani ya Nokia, kusaidiwa kupata kazi nje, kurudi shule kwa ada ya kampuni, kuanzisha biashara, au kufuata njia yake binafsi kama vile kazi ya kujitolea. Anayeanzisha biashara aliweza kupewa hadi yuro 25,000. Kampuni mpya kama 1,000 zilizaliwa hivyo. Wengine waliokuwa wakiunda mfumo wa simu ambao Elop aliutupa walitoka wakaanzisha Jolla na kuendelea nao. Siku ya mwisho ya kazi, asilimia 60 ya wale 18,000 walikuwa wanajua wanaelekea wapi.

Na gharama? Yuro milioni 50. Gawanya, ni kama yuro 2,800 kwa kila mtu, karibu asilimia 4 tu ya fedha zote walizotumia kujipanga upya miaka hiyo. Bochum iligharimu kwa kila kichwa mara nyingi zaidi, ikaleta maandamano na hasira. Halafu angalia hali ilivyokuwa: Bochum ilifanywa na kampuni yenye faida ya mabilioni, Bridge ilifanywa na kampuni inayozama. Yule tajiri alikuwa na haraka. Yule aliyefilisika akapata muda wa kukaa na watu mmoja mmoja.

Sitaki kuipaka Nokia asali. Daraja ni daraja, halimrudishii mtu kiwanda. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano aliyetumia maisha yake kwenye meza za kuunganisha simu za Salo huenda hakuwa na hamu ya kuitwa mjasiriamali. Na wakati haya yakiendelea, juu kulikuwa na daraja lingine la aina yake. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba kitengo cha simu kinauzwa kwa Microsoft, mkataba wote ukiwa wa yuro bilioni 5.44, na Elop, akirudi alikotoka, alikuwa na haki ya malipo ya yuro milioni 18.8. Ufini ilinung'unika kuanzia kwa makarani hadi kwa mawaziri. Ukizigawa hizo fedha kwa 2,800, unapata watu zaidi ya 6,700.

Wafanyakazi kama 32,000 walihamia Microsoft Aprili 2014. Miezi mitatu baadaye ikatangazwa kwamba 12,500 kati yao hawahitajiki. Barua ya Elop kwa wafanyakazi siku hiyo ilianza kwa salamu ya kirafiki, ikazungumzia mikakati na bidhaa aya baada ya aya, na idadi ya watakaofutwa ikajitokeza huko chini, kama bili ya hospitali iliyokunjwa ndani ya kadi ya pole. Julai 2015 Microsoft ikafuta thamani ya yale ilivyonunua, dola bilioni 7.6, ikatangaza kufuta kazi 7,800, na kituo cha wahandisi cha Salo kikawa miongoni mwa vilivyofungwa. Mji mmoja, misiba miwili ndani ya miaka mitatu.

Swali la yule dada bado linanikera. Wateja wagani? Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilinunua simu ya laini mbili, nikafurahi, na sitajifanya najuta, ilikuwa simu nzuri na shilingi zangu zilikuwa chache. Hakuna aliyenipa kura ya kuamua Bochum ifungwe au isifungwe, notisi iwe ya siku thelathini au ya mwaka, fedha ziende kwa mkurugenzi au kwa mafundi. Maamuzi hayo yalifanywa ndani, na watu wenye majina, kwenye vyumba vyenye milango. Nokia yenyewe ni ushahidi: kampuni moja, miaka mitatu tu katikati, na watu waliondolewa kwa namna mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kama wateja ndio waliofukuza, walijuaje kubadilisha adabu?

Wengine hawakupata hata daraja la kubishania. Sriperumbudur, nje ya Chennai, Nokia ilikuwa na kiwanda kikubwa tangu 2006, na ndani yake maelfu ya vijana wa Tamil Nadu, wengi wao wasichana waliotoka vijijini na kwa mara ya kwanza walikuwa na mshahara wao wenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zilitoka pale. Mkataba na Microsoft ulipokamilika, kiwanda hicho kiliachwa nje kwa sababu Nokia na serikali ya India walikuwa mahakamani wakivutana juu ya kodi. Kikawa hakina mwenyewe hasa. Microsoft ikaacha kuagiza simu kutoka pale, na tarehe 1 Novemba 2014 kikafungwa. Majengo yalisimama matupu miaka mitano.

Mwaka 2019 waziri wa teknolojia wa India alitangaza kwamba amepatikana mnunuzi, kampuni ya kutengeneza chaja za simu, miongoni mwa wateja wake ikiwa Apple, na kwamba itaajiri watu hadi 10,000 kwa miaka mitano. Jina lake ni Salcomp. Sasa mwenyewe mkuu ni Mchina, lakini ilizaliwa Ufini.